Mahindi Mekundu ya Mamboya

Masika yakishakatika, Chanzuru hupata miezi mitatu ya kupumua. Mahindi yameshaingia ndani, ukungu unakaa juu ya milima mpaka saa tatu za asubuhi, na watu ambao tangu Februari walikuwa wakisalimiana kutoka shamba hadi shamba huanza kukumbuka kwamba wana ndugu. Ndio msimu wa harusi, wa maulidi na wa kipaimara. Mwinshehe na mkewe Agnesi, tangu wafunge ndoa yao bomani, yeye Mwislamu na mwenzake Mkristo, waliufanya kuwa msimu wa kutoka na watoto, kwa sababu miezi mingine tisa haikuwa yao.

Mwaka huu walikuwa hawajatoka hata mara moja. Idi ya kuchinja walipanga kwenda Kilosa mjini kunywa soda na kupiga picha; mtoto mdogo, Siwema, akaamka na homa, wakaishia zahanati. Sabasaba walipanga kwenda kuangalia mpira. Mwinshehe akaitwa kubeba matofali ya mtu, akaenda. Upendo, binti yao mkubwa mwenye miaka minane, hakulalamika. Alilikunja gauni lake la Idi akalirudisha kwenye begi, na kule kutolalamika ndiko kulikomuuma baba yake kuliko kilio.

Alichokitaka Upendo kilijulikana nyumba nzima. Siku moja darasani mwalimu aliuliza nani amewahi kumwona tembo, naye akanyoosha mkono. Akaambiwa aeleze. Akasema tembo anatembea kwa kishindo mpaka ardhi inatikisika. Mwenzake Kelvin, ambaye baba yake ni dereva na amempitisha kwenye hifadhi ya Mikumi mara nyingi, akasema tembo hana kishindo hata kidogo, na kwamba Upendo ni mwongo. Darasa lilicheka. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Kishindo, na walimwita hivyo hata mbele ya mama yake dukani. Wageni wanavuka bahari kuja kuangalia tembo hao, na mtoto aliyezaliwa mwendo wa nusu siku kutoka walipo anawajua kwa picha ya kitabuni. Ukiliwaza sana jambo hilo unaweza kukasirika, na Agnesi alikuwa ameliwaza sana.

Jikoni kwa Agnesi, juu ya mafiga, ulikuwepo uchaga mweusi kwa moshi, na chini ya uchaga huo yalining'inia mahindi sitini, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Ukifuta masizi kwa kidole ungeona punje nyekundu, ndogo, ngumu, zilizobanana. Hayo hayakuwa ya kula. Yalikuwa mbegu. Mvua za vuli, ambazo Chanzuru hunyesha wiki chache kisha zikasahau, mahindi ya dukani huziona fupi. Haya mekundu yalikuwa yakiwahi. Mwaka juzi, jirani walipokuwa wakinunua unga, nyumba ya Mwinshehe ilikula ya kwake mpaka Machi.

Mbegu hiyo ilitoka Mamboya, milimani, kwa mama yake Agnesi. Kwa watu wa kule ukoo hupita kwa mama, na mbegu nayo hupita huko huko: binti anayechaguliwa na mama ndiye anayeachiwa moto wa mama na kilichoning'inia juu yake. Mama yake alimkabidhi wiki mbili kabla ya kufa, na alimkabidhi pamoja na mwiko mmoja. Mahindi ya mbegu hupandishwa pamoja na hushuka pamoja. Huchukui matatu ukaacha mengine. Yakishuka, yanashuka yote. Sababu hakuitaja. Pengine aliyeweka mwiko huo zamani alimjua mtu mwenye njaa, kwamba leo atachukua moja, kesho mawili, na siku ya kupanda atakuta kamba tupu. Uliwekwa ili mbegu isiishe, na kwa Agnesi ulikuwa mzito kama amri za kanisani.

Mwanzoni mwa Agosti akaja Bonifas, kijana wa mradi wa kilimo, na pikipiki yake na kishikwambi chake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe mapema. Upendo alimwamkia, naye Bonifas akaitikia marahaba, akaingia jikoni kuwasha sigara kwenye kaa, na alipoinua macho akasahau sigara. Akapiga picha kumi. Akaeleza kwamba mradi unaandaa maonyesho ya mavuno Mikumi mjini, siku tatu, na kwamba mbegu za asili za namna hii ndizo zinazotafutwa. Kila familia itakayoleta kitu itabebwa bure, italala bure, itakula bure, na siku ya mwisho itaingizwa hifadhini kwa basi la mradi.

Upendo alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Ni ya mbegu, mwanangu," Agnesi alimwambia Bonifas. "Novemba tunapanda."

"Mtarudi nayo, mama Upendo. Ni ya kuonyesha tu. Hata kumi yanatosha."

Alipoondoka, mume na mke walishika kila mmoja kazi yake mpaka chakula kikaiva. Mwinshehe alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuanza jambo kubwa akiangalia pembeni.

"Kumi yanatosha," alisema. "Kasema mwenyewe."

"Hayagawanywi."

"Basi tumwambie hapana. Mbegu ni yako, mimi sina neno."

Na kweli hakuwa na neno. Laiti angekuwa nalo. Agnesi aliutazama uchaga, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Aliona Idi iliyokufa na Sabasaba iliyokufa, akaona Disemba inakuja na jembe lake, na mtoto akirudi darasani Januari akiwa bado Kishindo. Kumi asingeweza kuyashusha; mkono ungekataa. Lakini mwiko haukusema yasishuke. Ulisema yashuke yote. Akaona kwamba njia ipo na kwamba mama yake asingemlaumu, na moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza msimu ule.

"Tutayapeleka yote," alisema, "na tutarudi nayo yote."

Upendo aliinuka, akatoka nje, akasikika akikimbia kuzunguka nyumba. Alizunguka mara tatu.

*

Walibebwa na Fuso la mradi, wao na maboga ya watu, mihogo ya watu na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Walipitia vijiji vya Ulaya na Zombo, vumbi likawafanya wote kuwa na nywele za rangi moja. Mikumi walilazwa kwenye chumba cha darasa, juu ya magodoro, familia tano pamoja, na baridi ya alfajiri ilikuwa ya kutia mikono kwapani. Kwa Upendo hiyo nayo ilikuwa sherehe. Aliwahesabia wenzake wapya madirisha yote ya lile darasa na kuwaambia kwamba ndani ya siku mbili atakuwa amemwona tembo.

Meza yao ilipangwa katikati ya banda. Agnesi alikuwa ameyafuta masizi mahindi yake moja moja kwa kitambaa chenye mafuta, yakang'aa mekundu kiasi kwamba watu walikuja kuyagusa wakidhani yamepakwa rangi. Mbele ya meza kulikuwa na karatasi: Agnesi na Mwinshehe, Chanzuru. Mwinshehe aliisoma kila alipopita. Siku mbili nzima Agnesi alisimama pale akijibu maswali: yanapandwa lini, yanakaa siku ngapi, kwa nini moshi. Mtu mmoja mwenye koti alimwita mwalimu. Agnesi, ambaye aliishia darasa la saba na ambaye ofisini huwa anaambiwa asubiri nje, alisimama wima zaidi baada ya hapo. Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

Asubuhi ya tatu basi la hifadhini lilikuja saa mbili. Agnesi alisita. Mgeni rasmi alitarajiwa siku hiyo kufunga maonyesho, na meza ingebaki yenyewe. Mwinshehe akasema atabaki yeye. Bonifas, aliyekuwa akikimbia huku na huko na orodha mkononi, akamshika bega akamsukuma kwa upole kuelekea basi.

"Nendeni na watoto. Mgeni rasmi mwenyewe ni saa nane, na saa nane ya wakubwa mnaijua. Mimi nipo hapa."

Upendo alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. Wakapanda.

Kwenye uwanda wa Mkata waliona pundamilia mpaka watoto wakachoka kuwahesabu. Waliona twiga, wakaona viboko ambao Mwinshehe alisema ni mawe mpaka jiwe moja likapiga mwayo, basi zima likamcheka, naye akacheka kuliko wote. Siwema alilala mgongoni akayakosa yote. Tembo hawakuonekana. Dereva alisema pengine wamevuka usiku, na Upendo akaweka paji la uso kwenye kioo.

Walikuwa wanageuza kurudi pale walipotokea vichakani, kumi na mmoja, majike na watoto wao. Dereva akazima injini. Tembo walivuka barabara mbele ya basi, karibu kiasi cha kuona mikunjo ya magoti, na hakuna kilichosikika. Miguu mikubwa namna ile ilitua vumbini na kuondoka kama watu wazima wanaopita nje ya chumba cha mgonjwa.

"Mama," Upendo alinong'ona, "kweli hana kishindo."

Agnesi alimvutia kwake. Mwinshehe aliweka mkono wake begani kwa mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Ilikuwa saa sita na robo. Kama mtu angewauliza wakati ule, wangesema mwaka huu haukuwa mbaya.

*

Mgeni rasmi aliwahi. Aliwahi kwa saa nne nzima, jambo ambalo waandaaji hawakuwa wamejiandaa nalo, na waandaaji wasiojiandaa hutafuta vitu vya kutoa. Familia zilipoteremka kwenye basi saa kumi jioni, viti vya plastiki vilikuwa vinapangwa kimoja juu ya kingine na turubai linashushwa. Agnesi alitembea moja kwa moja mpaka kwenye meza yake. Palikuwa na karatasi yenye majina yao, na juu yake jiwe la kuizuia isipeperuke.

Bonifas alikuja akitabasamu. Alikuwa na cheti, kofia mbili na pakiti ya mbegu ya kilo mbili.

"Mmekuwa wa pili, mama Upendo. Wilaya nzima."

"Mahindi yangu yako wapi?"

"Mgeni rasmi aliyapenda mno." Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini halikuwa na uhakika tena. "Ujumbe wake ulikuwa wa watu sita, kila mmoja akaandaliwa kikapu. Walisema wataning'iniza sebuleni. Wameshaondoka."

"Yote sitini?"

Bonifas alitazama upande wa jiko la nje, ambako moshi ulikuwa unapanda nyuma ya madarasa, na Agnesi akaondoka kabla hajajibiwa.

Wapishi walikuwa wanawake watatu wa pale pale Mikumi, wakarimu, waliochoka. Wakamwambia ndiyo, waliletewa mahindi kiasi ambayo hayakuingia vikapuni, wakaambiwa wayapukuchue waongezee makande ya washiriki. Chini kulikuwa na magunzi, na kuku wa shule walikuwa wakimalizia kuchokoa chochote kilichoanguka. Agnesi alichutama akatafuta kwenye vumbi kwa vidole. Mpishi mmoja, akidhani amedondosha hereni, akachutama kumsaidia.

Mwinshehe alifika na Bonifas nyuma yake. Hakugomba, hakuwa amezoea kugomba na mtu mwenye orodha. Alimwomba apige simu. Bonifas alipiga, na ni haki kusema alipiga kweli, akaeleza kwa heshima nyingi kwamba kuna mama anaulizia yale mahindi. Upande wa pili mtu alicheka, wala si kwa ubaya. Vikapu viligawanywa njiani. Kimoja kimeshuka Doma, vingine havijulikani viko kwa nani. Bonifas alishukuru akakata.

"Nitafuatilia," alisema.

Kila mtu pale alijua maana ya neno hilo, hata wapishi.

"Uliniambia tutarudi nayo," Agnesi alisema. Hakupaza sauti. "Nilikueleza jikoni kwangu kwamba ni ya mbegu, ukaniambia tutarudi nayo."

"Nisamehe, mama. Sikudhani... Wengine wote walileta sehemu, zilizobaki ziko kwao. Nilijua na nyie nyumbani mmebakiza."

Agnesi angemwelezaje kijana wa chuo habari ya mwiko? Angesema nini ambacho kisingechekesha simuni? Bonifas akamwekea ile pakiti mikononi, akasema hizi ni za kisasa, zinazaa mara tatu. Upendo alichungulia kwenye tundu la nailoni na kusema nazo ni nyekundu. Zilikuwa zimepakwa dawa. Agnesi alipotia kidole, rangi ilibaki kidoleni.

Kisha wakaitwa kula, kwa sababu ilikuwa zamu ya waliotoka hifadhini na Fuso lilikuwa linasubiri. Mpishi yule yule, kwa huruma, alimjazia Agnesi sahani mpaka juu. Kati ya maharage na punje nyeupe zilionekana punje ndogo nyekundu, zimepasuka, zimefunua weupe wa ndani. Watoto hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Upendo alikula harakaharaka akasema makande haya ni matamu kuliko ya nyumbani, na Siwema akafungua mdomo ili alishwe. Agnesi alimlisha. Baadaye, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya na sahani ile isipokuwa kuimwaga, akala na yeye mpaka ikaisha.

*

Nyumbani Mwinshehe alikigongomelea cheti ukutani, akakaa nacho siku mbili, akakishusha mwenyewe bila kuambiwa. Agnesi hakumlaumu kwa neno hata moja. Hakuwa na haki ya kumlaumu. Mumewe alisema kumi, na aliyekataa kuyagawa ni yeye mwenyewe. Jambo hilo lilikaa kati yao kitandani. Jikoni kamba zilining'inia tupu, na kila alipoinama kupuliza moto alijitahidi asiinue macho.

Kilichowabeba Agosti, Septemba na Oktoba ni jina la Beatrice. Huyo alikuwa mama mdogo wa Agnesi, mdogo wa marehemu, anaishi Mamboya kwenye kiwanja cha ukoo. Mbegu ilikuwa ya ukoo. Lazima kule ilibaki. Agnesi alijiambia hivyo kila jioni. Alipanga atakavyokiri kosa, atakavyoomba hata mahindi sita, atakavyoanza upya na kungoja msimu mzima mpaka yafike tena sitini. Simu ya mama mdogo ilikuwa haipatikani, lakini simu za milimani mara nyingi hazipatikani. Upendo, kwa upande wake, alirudi shule akasimulia habari za tembo kumi na mmoja, na Kelvin mwenyewe akakubali. Jina la Kishindo lilikufa. Hilo angalau lilikuwa limepatikana.

Mwanzoni mwa Novemba mawingu yalianza kukaa. Agnesi akafunga safari na Upendo, Siwema akabaki na baba yake. Alibeba kikapu chenye sukari, sabuni na kitenge, maana huendi kuomba mikono mitupu. Walishuka basi Dumila, wakapanda pikipiki, na mahali pikipiki iliposhindwa mlima wakatembea.

Mama mdogo Beatrice aliwaona tangu mbali. Alikuwa mwembamba kuliko Agnesi alivyomkumbuka. Alikuja akikimbia kwa namna wanawake wazee wanavyokimbia, kanga mkononi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Nilisema wewe hutatusahau. Niliwaambia hawa majirani, Agnesi atakuja kabla ya mvua."

Alikipokea kikapu kutoka kichwani kwa Agnesi huku akizungumza bila kupumzika. Mwaka jana njaa iliwashinda, walikula mpaka mbegu za kwenye moshi, yeye na nyumba zote za kiwanjani. Walipanda za dukani, zikafa zikiwa magotini. Mwaka huu wakakubaliana hawatanunua tena, watamngoja yeye, kwani marehemu hakukosea kumwachia. Simu iliuzwa, wasingeweza kupiga. Alimwongoza mpaka jikoni ili aone mwenyewe. Uchaga ulikuwa umefagiliwa na kusafishwa masizi, na kamba mpya za katani zilikuwa zimeshafungwa, mistari miwili, zinangoja. Mlangoni walikuwa wamesimama majirani wawili, kila mmoja na ungo wake.

Kisha mama mdogo akakiinua kikapu kwa mikono miwili, akakipima, akakishusha chini taratibu. Aliondoa kitenge. Aliondoa sukari. Aliondoa sabuni. Akatazama ndani kwa muda, halafu akamtazama Agnesi, akingoja aambiwe kwamba mzigo wenyewe unakuja nyuma.

Maneno aliyoyapanga miezi mitatu Agnesi hakuyaona. Nje mvua ilianza kudondoka juu ya bati, matone machache mazito, na wale wanawake wawili wakageuka kuitazama.

Upendo aliona kwamba bibi amerudi kutazama ndani ya kikapu kitupu. Alikuwa mtoto mwenye adabu, akataka kumfurahisha.

"Bibi, sisi tuliona tembo," alisema. "Hana kishindo."